Kabla Ulaumu Stima, Pima

Leo sina stori ya kuchekesha. Leo naomba msamaha, halafu tubishane kidogo.

Kama ulikuwa hapa mwezi uliopita, uliona ile video nimeshika mshale manyoya yake yameungua kama mswaki wa zamani, nikiipigia kelele kampuni ya stima. Nilisema sisi watu wa Lodwar tunapewa makombo. Nilisema wanaua biashara za vijana. Sauti ilikuwa juu, macho mekundu, nyuma mashine yangu inatoa moshi. Hiyo video ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi kupost. Mpaka mathe aliitumiwa na watu wa kanisa.

Shida ni moja tu. Kitu iliharibu mishale yangu ilikuwa skrubu. Skrubu yangu mimi, nilifunga na mkono wangu.

Acha nianze mwanzo, kwa sababu kuna wageni hapa.

Mimi natengeneza mishale. Ndiyo, Mturkana anatengeneza mishale. Najua sisi ni watu wa mkuki, wazee wamenikumbusha hiyo kwa komenti mara mia. Pinde anachonga rafiki yangu Mkongomani anayeishi Kakuma, karibu kilomita 120 kutoka hapa Lodwar. Yeye anachonga, mimi natengeneza mishale, tunagawana pesa. Wateja wetu ni vikundi vya drama vya shule, watu wa filamu ndogo ndogo, na wale wanapenda kutundika kitu ukutani. Kichwa cha mshale ni mpira, si chuma. Na kabla mtu aniulize, manyoya ni ya bata mzinga, yanakuja na matatu kutoka Kitale. Situmii ya tai wala kanga wa porini. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi na mtu anayepatikana na kitu cha mnyama wa porini bila kibali.

Sasa, mshale una manyoya matatu kwa mkia. Yote matatu lazima yatoke bawa la upande mmoja, kwa sababu unyoya wa bawa la kulia na wa kushoto yamepinda tofauti. Ukichanganya, mshale unachanganyikiwa hewani. Unabandika na gundi, halafu unapunguza hadi yawe na umbo moja. Hapo ndipo kazi iko. Ukitumia makasi, kupata matatu yanafanana kabisa ni bahati. Moja likizidi wenzake, mshale unayumba kama mlevi.

Ndiyo maana kuna mashine ya kuchoma manyoya. Usiogope jina, ni kitu rahisi. Ni waya unaopata moto, umekunjwa kwa umbo la unyoya unaotaka. Mshale unalala mbele yake kwa vishikio viwili. Unauzungusha polepole, manyoya yanapita kwa waya, kinachozidi kinaungua. Mzunguko mmoja, matatu yote sawa. Inanuka kama nywele zimeshika moto, lakini inafanya kazi safi.

Yangu niliunda mwenyewe. Waya ni wa nikromu, nilitoa kwa koili ya jiko la stima lililokufa. Si waya wowote unafaa. Waya wa shaba unapitisha umeme kirahisi sana, kwa urefu huo mfupi haukupi moto unaoweza kuutawala. Na ule wa kufungia ua wenye rangi ya fedha usiguse, umepakwa zinki, na moshi wa zinki ukivuta unaweza kukuangusha na homa usiku. Wangu una unene wa nusu milimita na urefu wa sentimita 20. Ukinzani wake ni karibu om 1. Transfoma inashusha stima ya ukuta hadi volti 5. Hesabu ya form tatu: volti 5 kwa om 1 ni ampia 5, na hiyo ni wati 25. Waya unakuwa mwekundu wa kufifia, unyoya unapotea ukigusa tu.

Usiunganishe moja kwa moja na betri ya sola ya volti 12. Hiyo inakuwa ampia 12, wati 144. Waya unang'aa mweupe, unakatika, na kama bahati yako ni mbaya unakuangukia mguuni. Niulize najua aje.

Haya. Oda ilikuja kutoka Kakuma, kikundi cha drama cha shule. Mishale 60, wiki mbili. Hiyo ni manyoya 180. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote tumewahi kupata, na rafiki yangu alikuwa tayari amekula deposito kwa mbao.

Siku ya kwanza kila kitu sawa. Siku ya tatu jioni waya ukaanza kulegea. Haukuwa mwekundu tena, ulikuwa wa kahawia hivi. Unyoya haukuungua haraka, ulikuwa unapikika. Nikashikilia kwa muda mrefu zaidi, ukingo ukajikunja, ukafanya vidonge vyeusi, na gundi ikaanza kulainika. Kufikia saa mbili usiku nilikuwa nimeharibu mishale 11. Manyoya 33 ya bata mzinga, takataka.

Na nilijua tatizo ni nini. Si nilikuwa naona? Ilikuwa jioni, taa ya nyumba imefifia, kila mtu amewasha kitu. Stima imeshuka. Nikachukua simu, nikarekodi, nikapost. Dakika tatu za hasira, zero kipimo.

Asubuhi rafiki yangu akapiga simu. Nilitarajia anipe pole. Akaniuliza swali moja: "Ndugu yangu, volti zilikuwa ngapi?"

Nikamwambia zilikuwa chini.

"Chini ni ngapi?"

Manze, nilinyamaza. Huyu jamaa anaishi kambini, stima yake ananunua kwa mfanyabiashara mwenye jenereta. Hiyo jenereta ilishamchomea chaja mbili za simu. Tangu hapo ana maltimita, ile mafundi wanaita testa, na hachomeki kitu kabla ya kupima soketi. Mimi niko mjini, niliketi darasa la fizikia, nilifika mpaka kampasi, na sikuwa na testa. Lakini ring light nilikuwa nazo mbili.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza redio karibu na soko. Nikamwambia, "Mzee shikamoo, naomba kuazima testa." Akacheka, akasema, "Kijana wangu, wewe si ndiye ulikuwa unapiga kelele kwa simu? Kwanza ungekuja hapa." Alinipa, na akanifundisha kitu kimoja ambacho nitakupa bure hapa chini.

Nilianza na ukuta. Asubuhi soketi yangu ilikuwa volti 238. Jioni, saa ile ile ya video, 221. Kumbe nilikuwa nasema ukweli! Stima ilishuka. Nilikaribia kupost hapo hapo.

Lakini mzee aliniambia nipige hesabu kwanza. Kama ukuta umeshuka hadi 221, transfoma inatoa karibu 4.6 badala ya 5. Nguvu ya waya inashuka kutoka wati 25 hadi karibu 21. Hiyo ni kupungua, sawa, lakini haiwezi kugeuza waya mwekundu kuwa wa kahawia. Ungechoma polepole kidogo tu. Kuna kitu kingine.

Nikaangalia upepo. Nilikuwa nafanyia kazi mlangoni kwa sababu ya moshi, na mnajua upepo wa Lodwar jioni. Waya mwembamba ukipigwa na upepo unapoa. Nikaweka kipande cha katoni kama ukuta. Ikasaidia kidogo, haikutosha.

Nikaangalia waya wenyewe. Ulikuwa na majivu ya manyoya, nikausugua na brashi ukiwa baridi. Ulikuwa pia umelegea katikati, kwa sababu nikromu ikipata moto inarefuka, kwa sentimita 20 inaweza kuongezeka karibu milimita 2. Hiyo inaharibu umbo la unyoya lakini haipunguzi moto. Nikaukaza. Bado.

Nikajaribu kupima ukinzani na testa, ikanidanganya. Testa ya bei rahisi, hata nyaya zake zina ukinzani wake, na wewe unatafuta nusu om. Hapo ndipo ujuzi wa mzee ukaingia: pima volti wakati mashine inafanya kazi, hatua kwa hatua, upande wa volti ndogo peke yake. Weka testa kwa AC, kwa sababu transfoma inatoa AC. Upande wa ukuta usiufungue, huo unaua.

Kwa miguu ya transfoma: 4.6. Kwa ncha mbili za waya wa nikromu: 3.1.

Volti moja na nusu imepotea njiani. Imeenda wapi? Nikaweka ncha moja ya testa kwa kebo na nyingine kwa waya, nikivuka ile skrubu ya kushoto. 1.5. Ilikuwa hapo yote.

Nikazima, nikangoja ipoe, nikafungua. Skrubu ilikuwa imelegea na ndani imefanya ukoko mweusi. Mbao chini yake ilikuwa imebadilika rangi, imeungua kidogo. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu siku tatu. Kila nikiwasha, skrubu inapata moto. Ikipoa inalegea kidogo, vumbi linaingia, ukoko unaongezeka, inapata moto zaidi. Nikasugua na msasa, nikaweka washa mpya, nikakaza. Waya: 4.5. Mwekundu. Jioni ile ile, stima ile ile ya 221.

Piga hesabu na mimi. Kutoka wati 25 nilikuwa nimebaki chini ya 10. Stima iliyoshuka iliniondolea karibu 4. Skrubu yangu iliniondolea karibu 12. Na ni nani nilimtukana kwa video?

Oda tulimaliza kwa kuchelewa siku mbili, kikundi kikatuelewa. Hiyo si sehemu inaniuma. Inayoniuma ni hii. Kuna kijana mtaani kwetu ambaye kazi yake ni kupanda nguzo za stima. Tulisoma naye primary. Wiki ile ya video, watu walimtukana dukani mbele ya mtoto wake. Mmoja alimwonyesha video yangu, akamwambia, "Ona vile mnafanyia vijana wetu." Hakunijibu mtandaoni. Alinipata barabarani, akaniuliza tu, "Ungenipigia simu, si ningekuja kuangalia?" Sikuwa na jibu. Ndugu yangu, unajijua, hii samahani ni yako.

Sasa tubishane.

Niliposema nitarekebisha video, marafiki zangu watatu walinikataza. Walisema: buda, sisi huku tumeonewa kweli, usiwape silaha. Mto Turkwel unapita hapa Lodwar. Bwawa lake lilikamilika 1991, megawati 106, na stima yake ikawekewa laini ya kwenda Lessos, upande wa Eldoret, huku Lodwar ikiendelea na mitambo ya dizeli kwa miaka na miaka. Ng'ambo ya ziwa, Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo, megawati 310, na nguzo zake zinatembea zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa. Hata jina la mradi ni ziwa letu. Kwa hivyo hata kama safari hii ilikuwa skrubu, walisema, kwa ujumla bado uko sahihi.

Hapo ndipo nakataa, na nakataa kwa nguvu.

Hayo mambo ya Turkwel ni makubwa, na ni ya kweli, na yana tarehe na namba. Ndiyo maana yanauma. Mtu hawezi kukujibu eti unakasirika bure. Sasa ukichukua hiyo hoja nzito ukaifungia kwa skrubu yako iliyolegea, siku skrubu ikifunguliwa mbele ya watu, hoja yote inaanguka nayo. Anayepaswa kutujibu anacheka, anasema, "Hawa ni wale wa mishale." Umemsaidia yeye, si sisi.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Ukizoea kusema kila kitu ni kuonewa, unaacha kufungua mashine. Mbona ufungue, na jibu unalo? Mimi ningeweza kukaa mwaka mzima na ile skrubu, nikiharibu manyoya na kupost hasira, na kila siku ningepata mtu wa kuniambia niko sahihi. Hasira yangu ilikuwa na laiki elfu kadhaa. Skrubu haikuwa na hata moja.

Sisemi tunyamaze. Nasema tupime. Ile namba 221 ni yangu, nimeiandika na tarehe na saa. Fikiria nyumba 40 za Lodwar, kila moja imeandika volti za asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja. Fikiria tunaingia na hizo karatasi kwa kikao cha maoni ya wananchi, au tunazipeleka EPRA, ambao kazi yao ni pamoja na kusikiliza malalamiko ya stima. Hakuna atakayetuambia tupunguze sauti. Hatutahitaji sauti.

Na mimi nianze na langu, kwa sababu nimewahi kuwaambia hapa kwamba niliacha kampasi mwaka wa pili juu ya fee. Ni kweli, fee ilikosekana. Lakini kabla fee ikosekane, nilikuwa nimekosa karibu muhula mzima wa masomo nikihariri video, na nilikuwa na mitihani miwili nimeanguka. Fee ilichukua sehemu yake na mimi nilichukua yangu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikisimulia sehemu moja tu. Mathe anajua hesabu yote, ndiyo maana hucheka kidogo nikisema kwa video. Kama siku moja nitarudi, kutafuta fee peke yake hakutatosha.

Kwa wale mna mashine yoyote ya waya wa moto, iwe ya manyoya, ya kukata foamu au ya kufunga mifuko, huu ndio mpangilio wangu sasa. Pima ukuta, uandike saa. Pima transfoma mashine ikiwa imewashwa, kwa sababu bila mzigo inaweza kukuonyesha volti nzuri halafu ianguke ikipewa kazi. Pima ncha za waya. Kama kuna tofauti kubwa kati ya hizo mbili, tafuta kiungo chenye moto, mara nyingi mbao au plastiki karibu yake imebadilika rangi. Usilehemu nikromu kwa risasi, haishiki vizuri na risasi itayeyuka; ifunge kwa skrubu na washa, na uikaze tena kila wiki. Kinga upepo. Halafu, baada ya hayo yote, kama bado, nipigie tulaumu mtu pamoja.

Testa ya kawaida ni rahisi kuliko ring light. Najua kwa sababu niliuza moja ya zangu, nikanunua testa, na chenji ikabaki ya manyoya.

Video ya zamani sitaifuta. Nimeweka hii post juu yake, ili anayeiona aone na mwisho wake. Na kwa komenti leo naomba kitu kimoja: kama una testa, niandikie volti za soketi yako, mtaa, na saa. Lodwar, Kakuma, Kalobeyei, Lokichar, popote. Naziandika kwa daftari. Zikifika 40, tunatafuta siku ya kwenda.